Mwendo wa Mzee Bakari

Siku ya kuniaga kazini walinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hatakiwi tena kuwahi popote. Tukala keki, tukapigwa picha, kisha vijana wa chumba cha kompyuta wakaniambia, "Bi Mwanasha, tuandikie jinsi mlivyofanya kazi kabla ya mashine." Basi nimewaandikia. Vyeo na mishahara nimeviacha, kwa kuwa havikunifunza lolote. Nitasema nilivyoanza, nani alinishika mkono, na jambo moja lililonipata nikiwa bado msichana, ambalo ninyi mmelikuta likiwa limezeeka na hamkujua lilikotoka.

Mimi ni mtu wa Msambweni. Nilipomaliza shule nilijua kuchora, na marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alisema kuchora si kazi ila ni dalili ya uvivu. Ofisi ya filamu ilikuwa Ukunda, katika nyumba ya mabati yenye joto la tanuri. Ilitengeneza filamu fupi za afya na kuzipeleka vijijini kwa gari. Nyingi zilikuwa za kuchorwa. Wakubwa walikuwa wamegundua kwamba watu wakionyeshwa mgonjwa wa kweli humwonea huruma wakalisahau funzo, lakini mgonjwa wa kuchorwa humsikiliza.

Aliyenipokea ni Mzee Kalume, Mgiriama mrefu, mkimya, aliyeendesha projekta katika sinema moja ya Mombasa hadi ikafungwa na kugeuzwa ghala la magodoro. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akanipa kipande cha filamu.

"Shika kwenye kingo. Kiweke mbele ya dirisha. Unaona nini?"

"Mtu anatembea."

"Tazama tena."

Nikatazama. Vilikuwa vijipicha vidogo, kila kimoja na mtu wake.

"Mtu amesimama," nikasema.

"Naam. Amesimama hapa, amesimama hapa, amesimama na hapa. Ndani ya filamu hakuna anayetembea, mwanangu. Kutembea kunatokea ndani ya kichwa cha anayetazama. Wewe kazi yako ni kumpa picha za kusimama zilizo sawasawa, mengine atayafanya mwenyewe."

Kisha akaninyang'anya penseli, akanituma Kombani nikakae sokoni juma zima nitazame miguu ya watu. Kama nitachora uso hata mmoja, nisirudi.

Mnaofanya kazi leo kwa kidole mtashangaa. Sisi tulikuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake, na kila karatasi ilikuwa na matundu ya kuichomeka kwenye pini ili isicheze. Unaweka mchoro wa kwanza, unaweka karatasi nyingine juu, taa inakuonyesha wa chini, unachora wa pili ukiusogeza mguu kidogo tu. Sekunde moja ya filamu inataka picha ishirini na nne. Tulichora kumi na mbili na kupiga kila moja kwa kamera mara mbili, na mtazamaji hakuwahi kulalamika. Michoro ikihamishiwa kwenye plastiki angavu, tuliipaka rangi upande wa nyuma tukiwa tumevaa glavu, maana jasho la Ukunda huacha alama kila mahali. Panya walipenda rangi ya manjano. Ukiona jua katika filamu zetu lina kishimo, sababu ni hiyo.

Pale Kombani, karibu na yanaposimama magari ya Kwale, kulikuwa na mzee aliyeuza muhogo. Jina lake Bakari. Alikuwa mwembamba, hana ndevu, amevaa kikoi na fulana. Mguu wake wa kushoto ulichelewa. Ulitangulia kwa ncha ya vidole, kama mtu anayepima kama mchanga una moto, ukatulia, kisha bega la kulia likapanda ndipo mwili wote ukafuata. Kila baada ya hatua chache alisimama kumsalimu mtu. Siku ya pili nikagundua kwamba alikuwa akipumzika, na salamu ilikuwa njia yake ya kuuficha uchovu.

Siku ya tatu akaniita. "Binti, mbona wanitazama miguu? Nimekanyaga nini?"

Nikamweleza kazi yangu. Akapanga mihogo yake.

"Sura yangu usichore," akasema. "Sura ni ya aliyeniumba. Lakini mwendo huu nilijipatia mwenyewe, nilipoanguka mnazini. Nilikuwa mkwezi. Ukiutaka, uchukue."

Na akatembea kwa ajili yangu, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, hata mteja mmoja akauliza kama muhogo wauzwa au watembezwa.

Hakuwa mgema, nataka hilo lieleweke. Mkwezi huangua nazi, mgema hugema tembo, na kwetu pwani hizo ni kazi mbili na heshima mbili. Mzee Bakari hakuwahi kutia ulevi kinywani.

Mwendo ule niliutia katika filamu ya kipindupindu. Ndani yake kuna mzee ambaye mjukuu wake ni mgonjwa, naye anatoka kwenda kumwita muuguzi, njia ndefu, peke yake. Nilimpa uso wa mviringo, ndevu nyeupe, kanzu na kofia. Hakufanana na Mzee Bakari hata kidogo, kama nilivyoahidi. Kazi ile ilituchukua miezi. Ilipokwisha nilikwenda Kombani kumwambia, nikakuta mahali pake pana kijana auzaye mitumba. "Yule mzee? Alikufa wakati wa masika." Nikasema inna lillahi, nikanunua leso nisiyoihitaji, nikarudi kazini.

Mzee Kalume alikuwa na sheria nyingine. Mchoraji akifuatana na gari, akae mbele ya watu, chini ya pazia la kuonyeshea, na uso wake auelekeze kwao. "Filamu waijua," alisema. "Usichokijua ni uso wa mtu anayeitazama."

Ndiyo sababu, tulipokuwa Samburu ya Kwale baada ya magharibi, nilimwona yule mwanamke tangu mwanzo. Alisimama nyuma, karibu na malori, na mtoto mgongoni. Mzee wa filamu alipotoka nyumbani mwake na kushika njia, yule mwanamke alitia mkono kinywani. Kisha akaja mbele. Alipita katikati ya watu waliokaa chini, akiwakanyaga, hata akafika kwenye pazia, mwanga ukamwangukia, na mzee wangu akawa anatembea juu ya mgongo wake na juu ya mtoto.

"Keti wewe!" watu wakapiga kelele. Mzee Kalume akazima taa ya projekta.

Afisa wa afya aliyekuja nasi akamkabili. "Mama, kuna nini?"

"Huyu ni baba yangu."

"Nani?"

"Huyu anayekwenda."

"Mama, hii ni katuni. Si mtu."

"Naona si mtu," akasema yule mwanamke, kwa adabu kabisa. "Sura si yake. Nguo si zake. Lakini anayekwenda ni baba."

Nikamwuliza baba yake ni nani, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua. Akasema, "Bakari wa Kombani. Mimi ni Mejumaa, mwanawe. Nimeolewa huku." Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemchora, na kwamba baba yake aliniruhusu. Alinishika mkono akanivuta karibu, kana kwamba nilikuwa mlango ambao mtu yuko nyuma yake.

"Walimzika sipo," akasema. "Nilikuwa nimejifungua, na njia ya Kinango ilikuwa imekatwa na mvua. Nilipofika nilionyeshwa udongo. Dada yangu, mrudishe. Mrudishe kidogo tu."

Mzee Kalume hakumwuliza mtu ruhusa. Alirudisha filamu nyuma, akaonyesha tena kipande kile peke yake. Afisa akanung'unika kwamba watu wamekuja kufundishwa kuchemsha maji. "Bwana," Kalume akajibu, "maji yatachemka tu." Watu wakamtazama mzee wa kuchorwa akienda, na Mejumaa akimtazama, na nadhani hakuna filamu yetu iliyowahi kutazamwa namna ile. Wala sidhani kama kuna aliyekumbuka habari ya maji.

Ningependa kuwaambia kwamba niliona fahari. Niliogopa. Kesho yake tulikuwa Mackinnon Road, naye alikuwako, ameletwa na lori. Tulipokwenda Kinango alikuwako. Miezi ile yote, kila gari letu lilipofika upande ule, tulimkuta amekwisha kukaa mbele. Alitazama, akalia bila sauti, akaondoka kabla ya sehemu ya maji.

Mume wake, Mwero, alikuwa na mkahawa wa madereva wa malori pale Samburu. Alikuwa mtu mpole. Siku moja alinijia garini.

"Dada," akasema, "mke wangu alikuwa ameanza kupoa. Sasa kila mkija, matanga yanaanza upya. Ninyi mnakunja pazia lenu mnaondoka. Mimi nabaki naye."

Nilimpelekea Mzee Kalume maneno hayo. Akaniambia kitu ambacho ninyi wa siku hizi hamwezi kukijua kwa mikono yenu: filamu ilikuwa ikiliwa na kule kutazamwa kwenyewe. Kila ikipita katika projekta ilichanika kidogo, ikapata mikwaruzo, mvua nyeupe ikaanza kunyesha juu ya picha. Nakala yetu, kwa jinsi ilivyorudishwa nyuma kwa ajili ya Mejumaa, ilikuwa imechakaa pale pale mzee alipotembea kuliko mahali pengine popote. Siku ilipokatika, Kalume aliunga ncha mbili na kumpa Mejumaa kipande kilichobaki, urefu wa mkono. Akakishika kwenye kingo, akakiinua kwenye jua.

"Mbona amesimama?" akauliza.

Kalume, aliyekuwa na jibu la swali hilo tangu kabla sijazaliwa, hakusema neno. Mejumaa akakifunga kipande kile katika pindo la leso yake, akamshukuru, akaenda zake. Hakutufuata tena. Mzee aliendelea kwenda kumwita muuguzi mbele ya watu wengine, akiruka hatua zile zilizokatika.

Mzee Kalume alistaafu akiwa haoni vizuri, maana mwanga wa taa za chini ya kioo huyala macho taratibu. Akarudi kwao, akafa huko, nami nilipata habari baada ya arobaini. Mnaokaa mbele ya skrini kutwa, yatunzeni macho yenu. Ikaja video, magari yakauzwa, ofisi ikafungwa. Filamu zikabaki katika makasha, zikaanza kunuka siki, ambayo ndiyo harufu ya filamu inapooza. Miaka ile nilichora matangazo ya hoteli za Diani: kasa wenye kope ndefu, nyani wenye miwani ya jua. Sina la kusema juu yake.

Kisha kikaja kituo hiki cha kuhifadhi filamu. Walichukua makasha, na mimi nikachukuliwa pamoja nayo, kama sehemu ya mzigo. Ndipo nilipomjua Achieng', mkuu wa chumba cha kompyuta, msichana wa bara mwenye akili kali na moyo mwema. Nayasema haya yote mawili kwa sababu ya yatakayofuata.

Alinieleza kazi yao kwa subira. Kompyuta inaitazama filamu, inamvua mtu sura na nguo, inabakiza nukta na vijiti: goti, nyonga, bega, kichwa. Vijiti vinatembea. Halafu inalinganisha miendo ya maelfu ya watu wa kuchorwa na wa kweli, wa miaka hii na ile, itwambie jinsi watu wa pwani walivyoonwa na waliowapiga picha. Nilidhani ni mchezo, hadi siku aliponionyesha kwamba wanawake wote katika filamu zetu za afya walitembea taratibu kuliko wanaume, macho chini, hata aliyekuwa akikimbiza mtoto hospitali. Wengi nilikuwa nimewachora mimi. Nilivitazama vile vijiti nikaona kwamba mashine ilikuwa imesema kweli, na nikaiheshimu tangu siku ile.

Basi miendo ile ikapewa majina ili itafutike, na makampuni ya katuni yakaruhusiwa kuitumia. Hivyo ndivyo mambo ya sasa yaendavyo. Mimi niliwafundisha vijana kupanga makasha, sikufuatilia.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipigiwa simu. "Bi Mwanasha? Ni Mejumaa. Wa Samburu. Nimerudi kwetu Kombani, Mwero alishafariki. Njoo nyumbani."

Nilikuta ua uliofagiwa, na mwanamke mzee ambaye ningepishana naye njiani bila kumjua. Tukaamkiana, tukapeana pole za miaka yote ile. Akaniwekea chai na mahamri. Wajukuu wake walikuwa wakicheza uani, wakitembea mmoja mmoja mbele ya wenzao, na kila mmoja akimaliza wengine wanacheka.

"Watazame," akasema Mejumaa.

Nikatazama. Kikombe kikanichoma mkono, nikakiweka chini.

"Wanamwiga nani?" nikauliza.

"Mlevi. Kuna katuni kwenye simu, ya mlevi anayerudi nyumbani. Kombani nzima watoto wanamwiga. Nilipoiona mara ya kwanza niliomba Mungu macho yangu yawe mabaya. Wewe waonaje, Bi Mwanasha? Macho yangu ni mabaya?"

Akaniletea simu ya mjukuu. Ndani yake alikuwamo mtu wa rangi kali, pua nyekundu, chupa mkononi. Ncha ya vidole ikatangulia, mguu ukatulia, bega la kulia likapanda. Alisimama kila baada ya hatua chache, na kila aliposimama aliusalimu mti, akamsalimu mbuzi. Mwishoni alianguka, na vicheko vikasikika.

"Si macho," nikasema.

"Hakuwahi kunywa."

"Najua."

"Waambie waondoe."

Kesho yake asubuhi nilimwendea Achieng'. Alitafuta kwa muda mfupi tu, kisha akanigeuzia skrini. Kompyuta ilipoupata mwendo wa Mzee Bakari katika filamu ya kipindupindu haikuwa na jina la kuupa. Ikatafuta unaofanana nao kuliko yote, ikakuta walevi wa filamu za kuchekesha. Ikauita hivyo, na hakuna mtu aliyekagua, kwa kuwa miendo ilikuwa mingi.

"Madam, sijui nikwambie aje," Achieng' akasema. "Hapa kwetu naweza badilisha jina saa hii. Lakini huko nje ishatoka. Imechanganywa na zingine, mashine zimejifunza nayo. Ni kama uniambie nitoe muhogo mmoja kwa ugali ushapikwa."

"Na wale wenye katuni?"

"Nitawaandikia. Watasema pole. Lakini hata wakitoa hiyo, kesho mtu ataambia mashine, nipe mlevi. Na itampa huyo."

Alibadilisha jina mbele yangu. Aliniuliza aandike nini, nikasema aandike mkwezi aliyeanguka. Nikamwona anajifuta macho kwa kiganja. Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu leo.

Nilirudi Kombani jioni ile ile, maana habari mbaya haifai kulazwa. Mejumaa alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Wajukuu walikuwa bado uani.

"Kile kipande alichonipa yule mzee wako," akasema, "kilioza. Kilinata, kikanuka, nikakizika. Nikasema si kitu, kichwani ninamwona. Lakini nitakwambia neno, na usilichukue vibaya. Tangu Samburu, nikimkumbuka baba, namwona yule wako wa kanzu. Nikitaka kumwona mwenyewe, na kikoi chake, haji. Na tangu nioneshwe simu hii, hata wako haji. Anakuja huyu wa chupa."

Nikamwuliza kama amewaambia wajukuu wanayemwiga ni nani.

"Hapana. Nikiwaambia, mbele yangu wataacha, na njiani watacheka. Na hapo watakuwa wanamcheka yeye, wakimjua. Afadhali wamcheke mlevi."

Msichana mdogo kuliko wote, mwenye ushungi uliomlegea, akaja mbio akasimama mbele yetu. "Bibi, wao wasema mimi sijui! Nitazame. Nafanya sawasawa?"

Akatembea. Alikuwa akiuburuta mguu tu.

Nilidhani Mejumaa atamfukuza. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Sivyo," akasema. "Kushoto uchelewe. Tanguliza vidole, kama mchanga una moto. Sasa ngoja. Ngoja... Haya, bega lipande. Ndiyo. Sasa nenda."

Mtoto akaenda. Alikwenda kutoka mlangoni hadi mwisho wa ua, pole pole, sawasawa kabisa, na Mejumaa akanyanyuka kwenye kiti chake nusu, mkono kinywani.

Kisha mtoto akaanguka chali, miguu juu, kwa sababu ndivyo mlevi anavyomaliza, na wenziwe wakapiga makofi.

Mejumaa akakaa. Akaniuliza kama chai yangu imepoa, nikasema imepoa, akaichukua akaimwaga.